Bingwa wa Mbio Hupumzika. Na Mama Je?

 

Juma hili tunazungumza juu ya mbio, juu ya kupumzika, na juu ya mawazo yanayolala na mama kitandani. Tumechagua habari hii kwa sababu ya jibu ambalo mama hutoa kila anapoambiwa afanye mazoezi: "Mimi ninakimbia tangu alfajiri mpaka usiku. Sasa mnataka nikimbie tena?"

Jibu hilo lina haki. Tulichukue polepole.

Mbio zisizo na mwisho

Mama wa mji wetu anaamka jogoo akiwa bado amelala. Kama maji yametoka usiku, anajaza bidoni zote kabla hayajakatika. Anawasha makala, anachemsha maji ya kuogesha watoto, anatafuta soksi ya mmoja na daftari la mwingine. Wakienda masomo, yeye anabeba beseni lake na kwenda soko. Mchana anauza huku anahesabu kichwani: hii ya likelemba, hii ya kodi ya nyumba, hii ya dawa ya mtoto, hii ya masomo. Jioni anasonga bukari, anapika sombe, anaosha vyombo. Wengine wakilala, yeye bado anapanga bidhaa za kesho.

Wazee wetu wanakumbuka wakati mji huu ulipokwenda kwa saa ya kompani. Mfanyakazi alikuwa na zamu yake. Zamu ikiisha, mwingine alishika kazi, naye alirudi nyumbani kulala, na watoto waliambiwa wanyamaze kwa sababu baba ametoka zamu ya usiku. Kazi ilikuwa nzito, lakini ilikuwa na mwanzo na mwisho.

Kisha, katika mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Nyumba nyingi za Likasi, Kolwezi na Lubumbashi zilibaki bila mshahara wa mwezi. Meza ya mama sokoni, unga wake, makala yake na mikate yake ndiyo iliyoshika nyumba hizo. Wengi wenu mnaosoma hapa mmelelewa na meza kama hiyo, na leo mna meza yenu wenyewe.

Mama alichukua kazi, lakini hakupewa zamu. Hakuna saa inayomwambia, "Imetosha, mwingine ashike." Hapo ndipo shida yetu inapoanza, na tutarudi kwa neno hili la zamu kwa sababu ndilo dawa tunayotaka kuwapa.

Mwili unafanya nini na mawazo

Mungu aliumba mwili na akili ya kujiokoa. Mama akiona nyoka njiani, moyo unapiga mbio, pumzi inaongezeka, damu inakwenda miguuni, na sukari iliyowekwa akiba inatoka ili misuli ipate nguvu. Hiyo ni kazi ya homoni kama adrenalini na kotisoli. Mama anaruka, anakimbia, nyoka anabaki nyuma. Baada ya muda mfupi moyo unatulia.

Shida ni kwamba mwili hautofautishi vizuri kati ya nyoka na deni. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu pesa ya masomo haijalipwa, moyo unapiga vilevile, lakini hakuna pa kukimbilia. Deni linalala ndani ya nyumba, linaamka pamoja nawe. Mwili unabaki tayari kwa vita mchana na usiku. Ndiyo maana usingizi unakatika usiku wa manane, shingo inakaza, kichwa kinauma, tumbo linachafuka, na mtoto aliyemwaga maji kidogo tu anapigwa kofi ambalo halikuwa lake.

Mawazo ya namna hii yakikaa miaka, yanasaidia kufungulia tansio mlango, hasa pamoja na chumvi nyingi, uzito mwingi na ukoo wenye ugonjwa huo. Tansio inaweza kukaa mwilini muda mrefu bila kuuma popote. Kwa hiyo usingoje dalili. Kipimo ni kifupi: kikionyesha 140 juu au 90 chini, au zaidi, na kikirudia hivyo siku nyingine, unahitaji kufuatwa na munganga.

Sasa tunaelewa kwa nini mbio za mazoezi ni tofauti na mbio za soko. Ukikimbia polepole kwa nusu saa, unaupa mwili ile kazi uliyokuwa unaisubiri. Moyo unapiga kwa sababu nzuri, jasho linatoka, kisha mwili unapata ruhusa ya kutulia. Wengi wanaokimbia hivyo husema usiku wake wanalala vizuri zaidi. Deni liko palepale, lakini aliyelala anahesabu vizuri kuliko asiyelala.

Na tuseme upande wa pili pia. Mama ambaye amelala saa tatu tu, hajala tangu jana, na bado anajilazimisha kukimbia kwa nguvu, anabandika mzigo juu ya mzigo. Mwili hauimariki wakati wa kukimbia. Wakati wa kukimbia unachoka. Unaimarika baadaye, wakati wa kula na kulala. Mbio bila pumziko ni sawa na kukopa kila siku bila kulipa.

Tuone wale wanaoishi kwa mbio

Kama kuna watu tungefikiri hawapumziki kamwe, ni wakimbiaji wakubwa wa Kenya. Basi tuwatazame.

Kaptagat ni mahali pa misitu na vilima, si mbali na mji wa Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Huko kuna kambi ya kocha Patrick Sang, ambaye mwenyewe alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Katika kundi lake yumo Eliud Kipchoge, ambaye tarehe 12 Oktoba 2019, katika mji wa Vienna, alikimbia kilometa 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuandikwa kama rekodi rasmi, kwa sababu wakimbiaji wengine walipokezana kumwongoza, lakini dunia nzima iliona mwanadamu anashuka chini ya saa mbili.

Mtu kama huyo hukimbiaje siku za kawaida? Sehemu kubwa ya kilometa zake ni za mwendo wa pole, mwendo wa kuongea na mwenzake. Siku za mwendo mkali ni chache katika juma, na baada yake inakuja siku nyepesi. Usiku wanalala mapema, na mchana, kati ya mazoezi mawili, wanalala tena. Hakuna anayesema Kipchoge ni mvivu kwa sababu amelala mchana. Watu wanajua usingizi ule ni sehemu ya kazi yake.

Lakini liko jambo lingine katika kambi ile ambalo linatuhusu zaidi. Usafi na kazi nyingine za nyumba wanazigawana. Kipchoge, pamoja na medali zake mbili za dhahabu za marathoni ya Olimpiki, ametajwa mara nyingi kuwa anafagia na kusafisha vyoo vya kambi kama wengine. Hapo ndipo siri ilipo. Bingwa anapata saa ya kulala kwa sababu kazi za nyumba hazikuachiwa mtu mmoja. Wana zamu.

Katika kundi hilohilo yumo mama: Faith Kipyegon. Alishinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka 2018 alijifungua mtoto wa kike. Hakurudi mbioni baada ya wiki chache ili kuonyesha ushujaa. Alirudi kushindana mwaka 2019, karibu mwaka mzima baada ya kuzaa, na mwaka huo alipata medali ya fedha katika mashindano ya dunia ya Doha. Kisha akashinda dhahabu Tokyo mwaka 2021, na dhahabu nyingine Paris mwaka 2024. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kushinda mbio hizo za Olimpiki mara tatu. Mwaka wa kulea haukumpotezea nguvu. Alipewa muda, naye akautumia.

Mama mwingine wa Kenya, Catherine Ndereba, alikuwa tayari amezaa binti yake alipokimbia marathoni ya Chicago mwaka 2001 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, mwendo ambao wakati huo hakuna mwanamke duniani aliyekuwa ameufikia. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mwanamke akishazaa, mwili wake umekwisha. Lakini pia tusidanganyane kwamba walifika pale peke yao. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na mikono iliyoshika mtoto na mikono iliyopika.

Nyumba yenye vita

Tunalazimika kusema jambo moja zito. Mbio zinapunguza mawazo, lakini haziponyi nyumba yenye ngumi.

Agnes Tirop alikuwa kijana wa Kenya, mshindi wa medali ya shaba ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia mwaka 2017 na tena 2019. Mwezi wa tisa mwaka 2021 aliweka rekodi ya dunia ya kilometa 10 katika mbio za wanawake peke yao. Mwezi uliofuata alikutwa ameuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Mume wake ndiye aliyeshtakiwa kwa kifo hicho. Baadaye wanariadha wenzake na ndugu zake walianzisha shirika linaloitwa Tirop's Angels, ili wanawake wanaopigwa na kunyang'anywa mali wapate mahali pa kukimbilia.

Tunamtaja ili tusiambiane uongo. Kama chanzo cha mawazo yako ni mtu anayekupiga au anayekunyang'anya pesa ya soko, dawa yako ya kwanza haiko katika viatu vya mbio. Mwambie mwenyekiti wa kikundi chako, au mama unayemwamini, au muuguzi wa kituo cha afya. Usiseme peke yako na mto wa kitanda. Na sisi katika vikundi, mama akija na habari hiyo, tusimwambie "vumilia tu." Tumfiche, tumsindikize, tushike siri yake.

Likelemba ya saa

Sasa turudi nyumbani kwetu. Wamama wa Congo ni walimu wa dunia katika likelemba. Kila mmoja anatoa kidogo, na kila mmoja ana siku yake ya kupokea. Hakuna anayeona haya siku ya kupokea, kwa sababu alitoa na ataendelea kutoa.

Kama tunaweza kufanya hivyo kwa makuta, tunaweza kuifanya kwa saa. Tunapendekeza hivi.

Wamama watano wa avenyu moja, au wa kikundi kimoja, wakubaliane siku tatu za juma: siku ya kwanza, siku ya tatu na siku ya posho. Siku hizo, mapema asubuhi au jioni kabla ya giza, mmoja anabaki na watoto wa wote, na wanne wanakwenda kukimbia au kutembea kwa nusu saa. Siku inayofuata anabaki mwingine. Baada ya siku tano, kila mmoja amebaki mara moja na amekimbia mara nne. Hakuna franka iliyotoka mfukoni.

Siku ya tano ya juma, au siku ya Mungu mchana, likelemba hiyohiyo inampa mama mmoja saa ya kupumzika. Wengine wanawachukua watoto wake, yeye anafunga mlango na kulala. Hapigi pasi, hachagui maharagwe, hahesabu madeni kwenye simu. Analala. Juma linalofuata ni zamu ya mwingine.

Ndani ya nyumba, zamu iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, kama kompani ilivyoandika majina. Nani anachota maji siku ya kwanza, nani anaosha vyombo siku ya pili, nani anafagia kiwanja. Majina ya wavulana yawepo. Mvulana anayejua kuosha sufuria hapungukiwi kitu, na Kipchoge mwenye kusafisha choo ni shahidi. Jina la baba nalo likiwepo, hata kwa kazi moja, watoto wote watafuata bila kelele.

Namna ya kuanza

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Kutembea kwa haraka na beseni kwenda soko kunahesabiwa. Kwa hiyo wengi wenu mmekwisha kuanza bila kujua. Tunachoongeza ni kipande kidogo cha mbio, kwa furaha, bila mzigo kichwani.

Huhitaji saa ya mkononi. Tumia nguzo za umeme. Tembea dakika chache kwanza ili mwili upate joto. Kisha kimbia pole kutoka nguzo moja hadi nyingine, halafu tembea nguzo mbili. Kimbia moja, tembea mbili, mpaka karibu dakika 25 zipite. Fanya hivyo siku tatu za juma, na kati yake acha siku moja ya kupumzika. Baada ya majuma mawili au matatu, kama unajisikia vizuri, kimbia nguzo mbili na tembea mbili. Usiongeze haraka. Mwenda pole hajikwai.

Kipimo cha mwendo ni mdomo wako. Ukiweza kumsimulia mwenzako habari za jana bila kukatika pumzi, mwendo ni mzuri. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Hata mabingwa wa Kaptagat siku nyingi wanakwenda kwa kipimo hicho.

Chagua njia vizuri. Epuka barabara kubwa ya Lubumbashi na Kolwezi ambako malori ya madini yanapita, kwa sababu ya hatari na vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi ni jingi hata mitaani, basi nenda mapema kabla magari hayajaliamsha. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi, jifunike kifua mpaka mwili upate joto. Mwezi wa kumi jua ni kali, usikimbie mchana. Usikimbie peke yako gizani hata siku moja.

Kunywa maji kabla na baada. Usikimbie na njaa ya siku nzima. Baada ya mbio, bukari na maharagwe, au sombe na samaki wadogo, ni chakula kizuri kuliko sukari ya chupa. Mama mwenye upungufu wa damu huchoka upesi na kuhema kwa kazi ndogo. Mboga za majani, maharagwe, nyama na samaki vinasaidia damu, na ni vizuri kunywa chai mbali na chakula, kwa maana chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika mboga.

Kupumzika nako kunajifunzwa. Jaribu hivi kila usiku kabla ya kulala: keti au lala chali, vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka nne, itoe polepole ukihesabu mpaka sita. Endelea kwa dakika tano. Pumzi inayotoka taratibu inauambia moyo kwamba nyoka ameondoka. Na usingizi wenyewe uwe wa saa saba au zaidi kila inapowezekana.

Maswali ambayo wamama huuliza

*Watu watasema nini wakiniona ninakimbia?* Siku ya kwanza watacheka. Siku ya tatu watauliza mnakwenda wapi. Juma la tatu wawili watawafuata. Mkiwa wanne au watano, maneno yanapungua sana kuliko mama mmoja akiwa peke yake.

*Nivae nini? Suruali nyumbani kwetu haikubaliki.* Vaa unachokubaliana nacho na watu wako. Kikwembe kilichofungwa juu ya kaptula ndefu kinatosha kwa mwendo wa pole, mradi kisifunge hatua. Jambo la lazima zaidi ni sidiria inayoshika vizuri, hasa kwa mama anayenyonyesha. Nyonyesha kwanza, kisha kimbia.

*Sina viatu vya mbio.* Viatu vya mpira vilivyovaliwa, vinavyouzwa sokoni, vinafaa kama havibani na soli haijaisha. Usikimbie na sandali zinazoteleza, wala miguu mitupu mahali penye chupa na misumari. Mpaka upate viatu, tembea kwa haraka. Faida ni karibu ileile.

*Bwana wangu anasema ni kupoteza wakati.* Mwalike aje kutembea siku ya Mungu jioni. Tansio inawapata wanaume pia. Na mweleze kwa hesabu: dawa za kila mwezi na siku za hospitali zinakula pesa kuliko nusu saa mara tatu kwa juma.

*Nina mimba.* Kutembea ni kuzuri kwa mama wengi wenye mimba. Kuhusu kukimbia, uliza kwanza mahali unapopimwa mimba, hasa kama uliwahi kutoka damu, kupoteza mimba, au kuwa na tansio.

*Nimetoka kuzaa.* Anza na kutembea kidogo kidogo. Ngoja upimwe baada ya wiki sita, na aliyepasuliwa angoje zaidi kulingana na ushauri wa munganga. Mkumbuke Faith, alichukua karibu mwaka.

*Nikikimbia mkojo unanitoka.* Mama wengi wana shida hii baada ya kuzaa na wanaificha. Kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo, hesabu mpaka tano, legeza. Fanya mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi kadhaa. Lakini kama mkojo unatoka wakati wote, mchana na usiku, tangu uzazi mgumu, hiyo inaweza kuwa fistula. Si laana wala aibu. Inapasuliwa na kupona. Nenda hospitali.

*Mimi ni bibi wa miaka 60.* Karibu sana. Pima tansio na sukari kwanza, kisha tembea na wenzako. Wewe ndiye utakayewafundisha vijana kutokwenda haraka.

Simama hapo hapo

Acha mazoezi na utafute msaada wa haraka ukisikia maumivu au uzito kifuani, kizunguzungu cha kuanguka, pumzi isiyorudi hata baada ya kuketi, moyo unaoruka bila mpango, au upande mmoja wa mwili au mdomo kulegea. Usikimbie ukiwa na homa. Homa kwetu mara nyingi ni malaria, na mwili unaopigana na malaria hauna nguvu ya kugawa. Pima, tibu, pumzika, kisha rudi kwa kutembea.

Na kama huzuni imekaa majuma mawili au zaidi, hutaki kula, hutaki kuona watu, au unawaza kwamba afadhali usingekuwepo, hiyo ni zaidi ya uchovu. Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Mwambie mtu leo, usingoje kesho, na mwende pamoja kwa munganga.

Kazi ya juma hili kwa vikundi

Kwanza, katika mkutano wa juma hili, kila mama aseme mara ya mwisho alipopumzika mchana bila kuwa mgonjwa. Sikilizeni majibu bila kucheka.

Pili, gawanyikeni watano watano kwa mitaa, mpange likelemba ya saa, na mwandike majina na siku katika daftari la kikundi pamoja na hesabu za pesa.

Tatu, ombeni muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu aje siku moja kupima tansio ya wanachama wote, hata wale wanaosema wako wazima.

Nne, kila nyumba ibandike karatasi ya zamu ukutani.

Mwezi ukiisha, tuandikieni au mtume mtu aseme ni vikundi vingapi vimeweza, na wapi palikuwa pagumu. Juma lijalo, katika ukurasa huu, tutazungumza juu ya chumvi katika chakula cha nyumbani, kwa kuwa wengi mmeuliza.

Mlale vizuri, wamama. Atakayewaita wavivu, mpeni jina lake kwenye karatasi ya zamu.